Vibonyezo 37 au mashini: kisa cha kikundi kimoja cha Lubumbashi

Kikundi kilichoniita kina watu watano na kazi za aina tatu. Siku za juma kinarekodi kwaya na vijana wa mtaa katika chumba kimoja cha Katuba kilichogeuzwa studio. Jumamosi kinapiga harusi, zaidi kwenye kumbi za Kamalondo. Na mtu akifariki, kinaitwa kwenye kilio kusindikiza nyimbo usiku kucha, mara nyingi kwa chakula na asante tu. Kilikuwa kimeweka akiba isiyofika dola 800, na wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamegawanyika. Mwenye studio alitaka mashini mpya, yaani kompyuta ya mkononi yenye nguvu. Mpiga piano alitaka kinanda chenye sauti zake chenyewe. Mimi kazi yangu ni sono, yaani mitambo ya sauti, ndiyo maana waliniita niwaamue.

Niliomba kwanza niwaone kazini. Walichokuwa nacho ni mashini ya zamani ya Windows ambayo betri yake ilishakufa, kadi ya sauti ndogo inayopata umeme wake kwa waya wa USB, na kontrola ya vibonyezo 49. Kontrola haina sauti hata moja ndani yake. Ukibonyeza, inatuma tu taarifa za MIDI: noti gani, imepigwa kwa nguvu kiasi gani, imeachiwa lini. Sauti yenyewe inazaliwa ndani ya mashini, kwenye piano na ogani za programu walizozikusanya kwa miaka, nyingi zikiwa zimehama kwa flashi kutoka rafiki hadi rafiki. Sisemi ni halali. Nasema piano nzuri ya sampuli, ile ambayo kila kibonyezo kimerekodiwa kwa nguvu mbalimbali, inaweza kuzidi gigabaiti 30, na mtu anayenunua mega za simu kwa siku haishushi piano ya namna hiyo. Basi baadhi ya programu zao husimama katikati ya wimbo zikidai leseni, na hakuna wa kumpigia simu.

Jumamosi niliwafuata harusini. Maharusi walikuwa mlangoni, wimbo wa kuingia umeshaanza, umeme ukakatika. Ukumbi ulikuwa na gurupu, yaani jenereta, na kijana wa gurupu alikuwa macho. Taa na bafle, yaani spika kubwa, zikarudi upesi. Gitaa la solo likaendelea palepale. Besi ikaingia. Ngoma hazikuwa zimenyamaza hata kidogo. Piano ndiyo iliyobaki kimya, kwa sababu mashini isiyo na betri ilikuwa imezimika nayo. Ikawashwa upya, ikadai kukagua diski, ikafungua Windows, ikafungua programu, ikaanza kupakia sampuli, na kwenye kioo ukauona ule mstari mwembamba unaosogea kwa kujivuta. Maharusi walishakaa, mama wa bibi harusi alishacheza na kutuzwa noti, ndipo ogani ikatoka. Muda wote huo mpiga piano alikuwa amesimama nyuma ya vibonyezo visivyosema kitu, akipiga makofi kama mgeni mwalikwa.

Mwenye studio alilichukua tukio hilo kutetea upande wake: betri mpya, mashini mpya, shida imekwisha. Alikuwa na haki nusu. Mashini yenye betri nzima ingeivuka ile dakika bila kuzimika, wakati kinanda kinachotegemea ukuta peke yake kingezimika vilevile. Ila kuna jambo wanaotetea programu hulisahau. Mashini nyingi za Windows, umeme ukiondoka, hujihamisha kwenye hali ya kubana matumizi: kasi ya prosesa inashuka, na piano iliyokuwa ikipigika vizuri inaanza kukwaruza na kuangusha noti. Linarekebishika kwenye mipangilio ya nguvu, lakini inabidi mtu alijue kabla ya harusi.

Kilichonishughulisha zaidi, hata hivyo, nilikikuta Katuba, umeme ukiwepo na kila kitu kikiwaka. Mpiga piano alikuwa akirekodi seben, ile sehemu ya wimbo ya kuchezwa yenye gitaa za kasi, kwa mwendo wa mapigo 140 kwa dakika, na kila wakisikiliza walichorekodi, piano iko mbele ya gitaa. Wenzake walikuwa wameanza kusema hana mwendo. Akaniambia, akiniita yaya kama mkubwa wake: «Yaya, mi napiga sasa, yenyewe inatoka nyuma.»

Alikuwa anasema kweli tupu. Nilifungua mipangilio ya kadi nikakuta bafa ya sampuli 1024. Bafa ni kipande cha sauti ambacho mashini inakiandaa kwanza kabla ya kukitoa. Sampuli hapa ni vipimo vidogo vidogo vya sauti. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, sampuli 1024 ni milisekunde 23, na hapo hujahesabu safari ya MIDI kwenye USB wala muda wa kadi kugeuza namba kuwa sauti. Kwa jumla tulikuwa tunakaribia 30. Sasa pigia hesabu seben: kwa mapigo 140, pigo moja lina milisekunde 429, na likigawanywa kwa nne kila noti inapata 107. Zaidi ya robo ya noti ilikuwa inaliwa kabla sikio halijasikia kitu. Mikono yake ikajifunza kupiga mapema ili sauti ifike kwa wakati, na programu, ambayo inaandika saa ya kidole na si saa ya sauti, ikaziandika noti zote mbele ya gitaa. Mwendo wake ulikuwa mzuri kabisa. Alikuwa anaufidia ucheleweshaji ambao hakuna aliyemwambia kuwa upo.

Kwa nini wasishushe bafa? Walishajaribu. Kwa sampuli 128 ucheleweshaji wa bafa ni chini ya milisekunde 3, lakini prosesa ile haikuwahi kuandaa sauti na mikwaruzo ikajaa. Kwa 256, karibu milisekunde 6, ilivumilika kama piano iko peke yake. Wakifungua wimbo wenye sauti ishirini na riverbu, yaani mwangwi, juu yake, mikwaruzo inarudi. Kwa hiyo walikuwa wanaipandisha bafa ili wasikilize, halafu wanasahau kuishusha ili wapige. Harusini mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kadi ilibaki nyumbani na fila, yaani waya, ilichomekwa kwenye tundu la hedifoni la mashini, kwa dereva (programu ya kuendesha sauti) ya kawaida ya mfumo. Hawakujua kwamba ASIO, njia iliyoletwa na Steinberg mwaka 1997 ili programu iongee na kadi ya sauti moja kwa moja, ilikuwa imebaki nyumbani pamoja na kadi.

Nisiwaonee wenye programu. Milisekunde 10 peke yake si kosa. Sauti hewani inatembea mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukikaa mita tatu na nusu kutoka kwenye bafle unaisikia milisekunde 10 baadaye, hata kama kinanda chako ni cha mbao na nyuzi. Hakuna mwanamuziki wa ukumbini anayelalamika kwa hilo, mwili unazoea. Kinachovunja mwendo ni kurundikana: bafa, juu yake dereva, juu yake USB, juu yake mita nne za ukumbi, na mrundikano huo unabadilika kila kikao mtu anapogusa mpangilio. Mikono inaweza kuzoea ucheleweshaji mdogo usiobadilika. Haiwezi kuzoea unaobadilika kati ya Jumanne na Jumamosi.

Tukakaa kuangalia cha kununua. Mashini mpya yenye kadi nzuri ingemeza akiba yote na ingemaliza mikwaruzo. Isingemaliza shida ya leseni, wala muda wa kuwaka, na kulikuwa na jambo jingine ambalo kwangu lilitosha kuiondoa jukwaani: mashini hiyohiyo ndiyo ingekuwa na nyimbo zote za wateja. Kuipakia kwenye pikipiki usiku wa Jumamosi na kuiweka juu ya meza katikati ya chupa za bia ya Simba ni kuweka rehani studio nzima kwa ajili ya harusi moja. Piano ya jukwaa ya vibonyezo 88 hatukuijadili. Hakuna gari.

Zikabaki njia mbili za vinanda vidogo. Mimi nilielekea kwenye vile vyepesi vya vibonyezo 61 vya ukubwa wa kawaida vinavyotumia betri sita za AA. Roland GO:PIANO iliyotoka mwaka 2017 ni ya aina hiyo, na Casio CT-S1 pia. Vina piano ya kawaida ndani, vina spika, na havifiki kilo tano. Mpiga piano alikuwa na chake akilini. Mpiga gitaa wa kikundi kingine alikuwa anauza Yamaha Reface CP iliyokwisha kutumika, iliyopitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini.

Reface zilitoka mwaka 2015 zikiwa nne: CP ya piano za umeme, YC ya ogani, CS na DX za sintesaiza. Zote zina vibonyezo 37 vidogo kuliko kawaida, spika mbili ndogo, betri sita za AA zinazodumu kama saa tano, na uzito wa kilo 1.9. CP haina kioo wala menyu. Ina swichi ya kuzungusha yenye sauti sita: mbili za aina ya Rhodes, moja ya Wurlitzer, moja ya Clavinet, vyote vinanda vya umeme vya zamani, piano ya kitoto, na ile piano ya umeme ya CP-80 ya miaka ya 1970. Baada ya hapo ni efekti za kubadilisha sauti, kwa mstari: draivu ya kuikoromesha, tremolo ya kuitikisa au wawa, korasi au feiza, dilei, riverbu. Haikumbuki chochote ulichopanga. Mahali ulipoacha vifundo ndipo sauti ilipo. Na piano ya kawaida, ile ya mbao ambayo kwaya zote za mji huu zinaipenda, haimo kabisa. Nililisema hilo mapema, tena kwa sauti, ili asije mtu akasema hakuambiwa.

Mpiga piano hakuwa ananisikiliza. Aliiweka juu ya magoti, akachomeka hedifoni, akawasha, na sauti ilikuwepo kabla hajaweka mikono sawasawa. Akachagua Rhodes ya kwanza, akaongeza draivu kidogo hadi noti za chini zikaanza kukoroma, kisha mkono wa kuume ukabaki kwenye seben wakati wa kushoto unazungusha tremolo, taratibu, halafu upesi, halafu ukaifunga ghafla pale gitaa lingetakiwa kuingia. Kwenye mashini jambo hilo linahitaji kipanya, au mtu awe ameshapanga kifundo kipi cha kontrola kinaamuru nini, na katika kikundi hiki hakuna aliyewahi kupanga. Hoja zangu za vibonyezo 61 niliziona zinapungua nguvu mbele ya macho yangu. Wakainunua. Fedha iliyobaki ilinunua betri za AA za kuchaji na chaja yake, fila mbili nzuri za jaki, na betri mpya ya ile mashini ya zamani.

Jukwaani faida ilionekana mapema, na haikuwa ya utamu wa sauti. Piano ya sampuli ya gigabaiti 30 ni tamu kuliko Reface CP, asikudanganye mtu. Lakini kwenye bafle za ukumbi, juu yake gitaa mbili na umati, utamu huo wa ziada hausikiki, na kinachosikika ni piano yenye makali inayokata katikati. Umeme ukikatika kinanda kinabaki kinawaka kwa betri zake, kinasubiri bafle tu. Mngurumo uliokuwa unatoka kila chaja ya mashini ikichomekwa, maana nyumba nyingi hazina waya wa ardhini wa kuaminika, ukatoweka pamoja na chaja. Na kwenye kilio, ambako mara nyingi hakuna bafle kabisa, zile spika ndogo za wati mbili kila upande zinatosha kuwapa waimbaji noti ya kuanzia na kuwashikilia hadi alfajiri, mradi betri za akiba zimo mfukoni. Za bei ya chini za sokoni hazifiki mbali.

Kijana wetu wa piano aliniuliza kama anaweza kukiunganisha na betri ya gari au ya sola, kwa kuwa adapta yake ni ya volti 12. Nilimwambia asifanye hivyo moja kwa moja. Betri ya «volti 12» ikiwa inachajiwa hupanda hadi 14 na zaidi, na kinanda hakikutengenezwa kwa hiyo. Aweke kirekebisha volti katikati au abaki na AA.

Sasa hasara, ambazo nazo hazikuchelewa. Ya kwanza ni vibonyezo 37, oktava tatu. Kwenye bendi kamili hakuna anayeona upungufu: besi inashika chini, gitaa zinashika katikati, piano inahitaji mkono mmoja na nusu. Siku mpiga besi hakufika kanisani, mpiga piano alitaka kushika besi kwa mkono wa kushoto na akodi kwa wa kuume, na mikono ikagongana katikati ya wimbo wa pili. Swichi ya oktava inahamisha kinanda chote kwa pamoja, haikigawi. Hapo vibonyezo 61 nilivyovitetea vingekuwa jibu, na nilijizuia kusema.

Ya pili ni ile piano ya mbao. Kiongozi wa kwaya, mama mtu mzima ambaye hakuna anayembishia, alisikiliza wimbo wa toba ukisindikizwa na Rhodes, kisha akamwita kijana pembeni: «Mwana yangu, hii piano iko na sauti ya bar.» Sauti ya CP-80 ilisaidia kidogo, kwa kuwa chombo kile kilikuwa na nyundo na nyuzi za kweli, lakini mama yule alijua anachotaka, na hakikuwa hicho. Aliuliza pia kama hawawezi kupata ogani ya kweli kama za zamani. Hili lilinifurahisha, maana ogani ya Hammond, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, ni chombo cha mwisho ambacho ungetaka kukitegemea kwenye gurupu. Magurudumu yake yanazungushwa na mota inayofuata hezi, yaani mizunguko kwa sekunde, za umeme wa ukutani. Ile ya Marekani ya hezi 60, ukiichomeka kwenye hezi 50 za hapa bila kifaa cha kubadilisha, inashuka kama semitoni tatu, na gurupu likichoka kwaya nzima inachoka nalo. YC inaiga sauti hiyo bila kurithi ugonjwa.

Dawa ya piano ya mbao ilipatikana studio, na ndipo penye sehemu ya kisa hiki ambayo ningependa wenye studio wengine waijaribu. Reface inatoa sauti kwa jaki na wakati huohuo inatuma MIDI kwa USB. Tukairekodi mara mbili kwa pigo moja: jaki mbili zikaingia kwenye kadi kama sauti, USB ikaingia kama MIDI kwenye mstari mwingine ambao piano ya programu imezimwa. Kijana anasikia kinanda chake moja kwa moja kutoka kwenye meza ya sauti, bila kupita kwenye bafa, kwa hiyo anapiga pale anaposikia. Akishamaliza, MIDI ile inapelekwa kwenye piano kubwa ya sampuli, bafa inapandishwa hadi 1024 au zaidi, na hakuna anayeumia, kwa sababu programu ya kurekodi inajua ucheleweshaji wake na inaufidia wakati wa kucheza kilichokwisha kupigwa. Noti za seben zikakaa juu ya gitaa. Mama wa kwaya akapata piano ya mbao kwenye kanda yake, na kijana akabaki na Rhodes kwenye nyimbo za vijana.

Watu huweka mpaka kati ya studio na jukwaa: vinanda huku, programu kule. Kwa nilichokiona Katuba ningeuweka mpaka mahali pengine. Wakati kidole kinagusa, chombo chenye sauti yake kina haki zote, iwe harusini au chumbani. Kidole kikishaondoka, programu inafanya vitu ambavyo hakuna kinanda cha kilo mbili kitakachoviweza, na ucheleweshaji wake haumdhuru mtu. Marekebisho machache yanabaki. Vibonyezo vidogo vinapigwa kwa nguvu tofauti na vya kawaida, na piano ya sampuli ikipewa namba hizo bila kuzisawazisha inasikika nzito au baridi. Mwenye studio alitengeneza mkunjo wa nguvu mmoja, yaani mpangilio wa kuzisawazisha namba hizo, akauhifadhi, sasa anauita kila mara. Pia amejifunza kwamba sauti iliyoingia kwa jaki haibadiliki tena. Draivu iliyozidi imezidi. Mwanzoni lilimkera, siku hizi, nadhani, limempunguzia usiku wa kubadilisha piano kumi kwa wimbo ambao mteja ameshaulipia.

Akiba imeanza kukusanywa upya na ubishi umeanza upya nao. Mwenye studio bado anataka mashini mpya, na safari hii niko upande wake, kwa sharti kwamba isitoke Katuba. Mama wa kwaya anataka vibonyezo 61 vyenye piano ya mbao, kwa siku ambazo besi haitokei, na kanisa limesema litachangia. Mpiga piano hajasema kitu mbele ya wakubwa zake, ila nimesikia ameshaanza kuulizia bei ya YC.